KIANGULIO CHA KATONI: MAFUNZO YA SIKU KUMI NA TANO

Chukua kiti tuzungumze. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sijaishi kwingi, lakini katika likizo ya Aprili mwaka 2025 niliona mambo.

Mama alikuwa na koo mmoja wa kienyeji aliyeatamia mayai 12. Vifaranga hao wakikua wangeuzwa, deni la karo yangu lipungue. Siku ya sita, nguchiro akaingia bandani usiku. Asubuhi tulikuta manyoya tu. Mama alishika tama, hakusema neno. Nyanya akasema, "Tupeni hayo mayai, yatakuwa viza." Nikayagusa. Kumbe yalikuwa bado na uvuguvugu! Nikaomba nipewe mimi.

Basi nilitengeneza hivi. Nilichukua katoni nzito, nikatandika kitambaa ndani na kutoboa matundu madogo ubavuni, kwa maana kifaranga hupumua hata akiwa ndani ya ganda. Nikaning'iniza balbu ya wati 40, ile ya kizamani inayotoa joto. Zile za kuokoa stima hazifai, hazina joto la kutosha. Niliizungushia waya ili isiguse katoni wala kitambaa, nyumba isije ikaungua. Kipimajoto nilikilaza usawa wa juu wa mayai. Joto linalotakiwa katika kisanduku cha aina hii ni nyuzi 38 hadi 39. Likipanda nilifungua kifuniko kidogo, likishuka nilikifunga. Pembeni niliweka kibakuli cha maji, maana hewa ikikauka yai nalo hukauka.

Kila yai nililitia alama kwa penseli, X upande mmoja na O upande wa pili. Niliyageuza mara tatu kwa siku. Kwa nini tatu na si nne? Ili upande uliolala juu usiku wa leo usiwe juu tena kesho usiku. Yai lisipogeuzwa, mtoto hugandamana na utando wa ganda, akafa.

Siku ya saba niliyapima gizani kwa tochi. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu kama utando wa buibui. Matatu yalikuwa meupe pe pe pe, hayana kitu. Nikayatoa, yakabaki tisa.

Siku ya 17 usiku, stima ikapotea! Moyo ulinidunda. Nikachemsha maji, nikajaza chupa, nikazifunga kwa vitambaa na kuzipanga kando ya mayai, kisha nikafunika katoni kwa blanketi, matundu nikayaacha wazi. Mama aliamka, akanisaidia kubadilisha chupa mpaka stima iliporudi saa nane. Tangu siku ile hakuniuliza tena ati ninacheza na nini.

Siku ya 18 niliacha kuyageuza, nikaongeza kibakuli cha pili cha maji ili utando ulainike. Siku ya 21 nikasikia "piu, piu" kabla sijaona ufa. Sita walitoka wenyewe. Wa saba alikuwa ametoboa tu, akatulia. Mimi nami nikaona anachelewa, nikambandua ganda. Damu ikatoka, akafa mkononi mwangu. Kumbe mishipa ya utando ilikuwa haijakauka, na kiini kilikuwa hakijaingia chote tumboni. Toka kutoboa hadi kutoka huweza kuchukua siku nzima. Haraka haraka haina baraka. Methali niliyoiandika kwenye insha mara nyingi, siku hiyo ndiyo nilipoielewa. Mawili yaliyobaki hayakuanguliwa.

Wale sita niliwaacha katonini mpaka manyoya yakakauka. Usiogope kuwa wana njaa, kiini walichomeza kinawatosha siku ya kwanza. Baadaye ni joto, maji safi, chakula, na chanjo ya kideri kwa wakati wake.

Mwanachama mwenzangu, kabla sijaweka kalamu chini, tusichanganye maneno: kuku *huatamia* mayai, kifaranga *huanguliwa*, na yai lililoharibika huitwa *viza*. Nyanya naye sasa anawaita wale sita "watoto wa katoni", na banda lao mama amelizungushia waya.