Kuchagua Mfumo Endeshi kwa Somo la Kutengeneza Tovuti

Walimu-wanafunzi hutuuliza: kompyuta ya kutengenezea tovuti iwe na mfumo endeshi upi, Windows au Linux? Jibu lisitokane na mazoea, bali na mahali tovuti itakapowekwa. Seva nyingi za tovuti duniani hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, nao hupatikana bure.

Jaribio: Wanafunzi waite picha "Zabibu.jpg", kisha katika ukurasa waandike "zabibu.jpg". Katika Windows picha itaonekana, kwani kwa kawaida mfumo huo haubagui herufi kubwa na ndogo. Katika Linux haitaonekana. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Wanafunzi wayalinganishe majina hayo wenyewe.

Funzo: Kazi iliyo sahihi darasani yaweza kuharibika siku ya kupelekwa kwenye seva.

Shauri letu: Mwalimu atakayepangiwa Kongwa au Mpwapwa, akikuta kompyuta moja tu yenye Windows, aitumie, ila aweke kanuni: majina yote ya faili yaandikwe kwa herufi ndogo, bila kuacha nafasi. Akiruhusiwa kuchagua, achague Linux. Fedha ya leseni itabaki shuleni, na makosa yataonekana mapema, mwalimu angali karibu.