Dondoo muhimu: Bosi wako akiwa rafiki mtandaoni

Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, ni mji ambao mwalimu, muuguzi au karani wa kiwanda cha kuchambua pamba hukutana na mkuu wake sokoni na msibani. Kumkwepa mtandaoni ni vigumu, hivyo busara ni kupanga atakachokiona.

1. Usianze wewe kumwomba urafiki Facebook. Kwa kazi, simu inatosha.
2. Kabla ya kumkubali, pitia picha na maandishi ya zamani; wengi huchuja ya leo na kusahau ya miaka iliyopita.
3. Chagua watakaoona stetasi yako ya WhatsApp. Mkiwa mmehifadhiana namba, bosi huiona bila kuomba urafiki.
4. Usirushe picha ya mgonjwa, mwanafunzi au nyaraka za ofisi. Taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.
5. Peleka malalamiko ya kazi kwa maandishi ofisini au kwa chama cha wafanyakazi, si kwenye kundi la WhatsApp; picha ya skrini husambaa haraka.
6. Ukiwa bosi, usimwombe urafiki unayemsimamia. Hana uhuru kamili wa kukataa.

Wapo wasemao asiye na la kuficha hana haja ya tahadhari. Lakini ugonjwa, imani na siasa ni mambo halali yanayoweza kubadili jinsi mkubwa anavyokupima. Kuyalinda si unafiki. Ni kudai upimwe kwa kazi yako.