Tobia Aliuliza Njia



Nimekulia Mbamba Bay, karibu kabisa na ziwa. Mwaka huu nimepanda Mbinga mjini kusoma kozi ya mwaka mmoja. Si mbali, kilomita 66 tu za lami, ila baridi ya huku kwa Wamatengo, usiombe! Na hakuna aliyenijua.

Nyumbani nilienda Misa kwa sababu mama aliniamsha. Huku Kanisa Kuu la Mtakatifu Kiliani lipo palepale mjini, nami Jumapili nalala hadi saa nne. Mama akipiga simu kuuliza kama nimesali, najibu ndiyo. Wiki saba namdanganya.

Fungua Tobiti, sura ya 5. Tobia naye alitumwa safari ndefu, mama yake akalia. Lakini kabla ya kuondoka alitoka kutafuta mtu anayeijua njia. Akampata Rafaeli, wala hakujua kuwa ni malaika. Angejifanya mjuaji, angeenda peke yake, na yule samaki wa sura ya 6 angemmaliza. (Sisi watu wa ziwani hiyo sura tunaielewa vizuri!)

Basi nikamuuliza mama anayeuza maandazi jirani na geto langu: "Shikamoo mama. Jumuiya ya hapa inasali wapi?"

"Marahaba. Wiki hii ni kwangu, Jumamosi asubuhi. Uje na kiti, mwanangu, vyangu havitoshi."

Nikaenda na ndoo, kiti sina.

Kumwambia mama kuhusu zile wiki saba, bado. Niombeeni.