Naomba, Nikaangie, Nimeshiba: Masharti kwa Mlaji wa Musoma, Bunda na Butiama

Anza na "naomba". Uwe kwa mama ntilie wa Nyasho au kwenye hoteli ya ufukweni yenye vitambaa mezani, kitenzi ni hicho hicho: "Naomba ugali sato." "Naomba chai ya rangi." Ukitaka kuongeza "tafadhali" ongeza, lakini adabu imeshakamilika.

Usiagize kwa "ningependa". Vitabu vya watalii wanaokwenda Serengeti huipenda sana. Tatizo ni hiyo -nge-, ambayo huweka sharti: mhudumu akisikia "ningependa wali" anasubiri sehemu ya pili. Ungependa, ila? Mhispania ana "quisiera" yake na kwao ni adabu, japo hata huko baa zimejaa watu wanaosema tu "me pones un café", wakati uliopo, na hakuna anayenuna. Sisi tusijitwishe ugumu ambao hata wao huutua.

Usitangulize "nataka". Ukiulizwa "Unataka nini?" jibu utakavyo, kabla ya hapo ni ubabe.

Usimwambie "nipe" mama aliyekuzidi umri. Hili nalielekeza hasa kwa wageni wetu kutoka Kenya waliovuka Sirari asubuhi. Kwao "nipe chai" hupita bila mtu kugeuza shingo. Huku chai italetwa, lakini italetwa kimya.

Shika kauli ya kutendea. Hapa ndipo watu wazima, tena wenye vyeti, wanapoaibika. Nenda Mwigobero, usimame mbele ya beseni la sato, usikilize. "Nichague yule mkubwa." Nichague ni ya mgombea ubunge, mnunuzi husema "nichagulie". Kisha, bila haya: "Nikaange, ila usinikaushe sana." Mama wa watu anamtazama, anatazama kikaango, anamtazama tena. Sema: "Nikaangie, ila usimkaushe sana." Mafuta yanamhusu samaki, wewe unangoja kwenye benchi. Vivyo hivyo nyama huchomewa mtu: "nichomee", wala si "nichome". Chapati za njiani ni "nifungie mbili". Ukisema "nifunge" unaomba pingu. Mchuzi ni "niongezee". Najua wenyeji wengi huikata wakasema "niongeze mchuzi", na sahani hujazwa vilevile. Kosa lililozoeleka bado ni kosa.

Samaki ni kiumbe, hata akiwa sahanini. "Sato wawili", "sangara amekwisha". Usiniambie "samaki zimeisha" ukiwa Musoma, ziwa likikutazama. Ugali umekwisha, maharage yamekwisha, chakula kimeiva, chai imepoa.

Usiongeze -ni kwa sababu mko wengi. Meza ya watu sita inamwita mhudumu mmoja: "Tuleteeni soda!" Hiyo -ni huhesabu wanaoambiwa, haihesabu wanywaji. Mhudumu mmoja, "tuletee". Wakija wawili, ruksa.

Bunda, sheria hulegezwa. Basi la Mwanza limesimama, injini inanguruma, madirisha yamezingirwa na mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha na maji ya chupa. Hapo sentensi ndefu ni hasara. Dereva akikanyaga mafuta, "naomba uniletee" yako inabaki stendi. "Lete maji!" inaruhusiwa, mradi iwe "lete": kitenzi hiki, mtu akiamriwa peke yake, humalizikia kwa e. "Nipe mbili" pia inaruhusiwa. Jambo moja tu halina msamaha hata dirishani, nalo ni chenji. Piga kelele "nirudishie!" Ukipiga "nirudishe!" unamwomba kijana wa mahindi akurejeshe Mwanza.

Butiama, kaza tena. Usidhani kwa kuwa uko kijijini hakuna anayepima kitenzi chako. Hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1922, na ndipo alipozikwa mwaka 1999, Julius Nyerere, mtu aliyewatafsiria Watanzania Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi huku akiongoza nchi. Salimu kwanza, shikamoo kwa mkubwa hutangulia chakula, hata njaa ikuume vipi.

Ukiulizwa "Umekula?" na bado, jibu "sijala". "Sikula" ni habari ya jana. Na ukishamaliza sema "nimeshiba". "Ninashiba" inamwambia mwenye nyumba kwamba kazi inaendelea, naye atakupakulia.

Usikatae kwa "sitaki". Kama kuna kitu hukitumii, kitaje kwa mazoea: "situmii pilipili", "sili dagaa". Huo ndio mwiko wako, hakuna atakayehoji. Lakini "sitaki dagaa" ni hukumu juu ya mpishi, na mpishi amesimama hapo hapo na mwiko wa aina nyingine mkononi.

Ukipita uani kwa watu ukasikia "Karibu chakula", jibu ni "Asante, endeleeni". Hapo -ni ina haki yake, wako wengi. Wakirudia mara ya pili, vuta kigoda unawe.