Filta za Hedfoni: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Watu wa Karatu

Maagizo haya ni kwa wanaotegemea masikio yao: dereva-guide anayejifunza milio ya ndege kabla ya msimu, mpishi wa safari mwenye iafoni za mnadani, kijana anayerekodi hadithi za bibi yake kwa Kiiraqw, na fundi simu anayeletewa hedfoni na kuambiwa, "Nipunguzie huu ukali." Ukali unapungua kweli. Kipande cha sponji, plasta ya karatasi au kitambaa chembamba kikiwekwa mahali pake hubadili sauti kwa gharama ndogo kuliko hedfoni mpya. Kikiwekwa ovyo, kinameza sauti zile zile ambazo kazi inazihitaji. Soma yote kabla hujashika kibano.

Safisha kwanza. Kiangazi, vumbi jekundu la Karatu na unga wa magadi unaopeperuka ndani ya kreta ya Ngorongoro huingia kwenye wavu wa mdomo wa iafoni na kushikana na nta ya sikio. Iafoni nyingi zinazosemwa zimekufa upande mmoja zimeziba tu. Tumia brashi laini, kavu, mdomo wa iafoni ukiangalia chini ili uchafu udondoke nje. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate. Na usithubutu kutumia kompresa ya gereji, ile ya kupulizia filta ya Land Cruiser: utando wa spika ni mwembamba mno, na upepo ule unaupasua papo hapo.

Badilisha mpira wa iafoni kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Mpira usipoziba sikio sawasawa, besi inavuja nje, na hakuna filta itakayoirudisha.

Jua tundu unaloliziba. Geuza iafoni ya kawaida chini ya mwanga mzuri. Karibu na mdomo, upande unaoelekea sikio, mara nyingi utaona tundu dogo kama ncha ya sindano. Nyuma ya kifuniko kuna jingine, pengine limebandikwa karatasi nyeupe laini kwa ndani. Hayo si mapambo. La mbele hupunguza mgandamizo wa hewa kati ya spika na ngoma ya sikio. Ukiliziba, besi inaongezeka, wakati mwingine hadi kufunika maneno. La nyuma huipa spika nafasi ya kusukuma hewa. Ukiliziba, hewa iliyonaswa inaukaza utando, na besi inapungua. Kwa hiyo anayekuambia "nimeziba tundu, sauti imeharibika" muulize kwanza ni tundu lipi. Anza na plasta ya karatasi ya duka la dawa, ile nyeupe inayopitisha hewa. Bandika kipande kimoja, sikiliza siku nzima, kisha ndipo uamue. Ukiona kimeziba mno, kibandue, kitoboe kwa sindano ukiwa umekiweka mezani, ukirudishe. Kamwe usitoboe plasta ikiwa juu ya tundu. Sindano ikizidi kidogo inafika kwenye utando, na hapo hakuna ufundi tena.

Fanya pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Kata vipande viwili kutoka karatasi moja, kwa mkasi mmoja, kwa ukubwa mmoja. Ukimaliza, cheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza: isikike katikati ya kichwa. Ikivutwa kushoto, geuza iafoni, ya kushoto uivae kulia. Sauti ikihamia kulia, kosa ni la kazi yako, au la simu. Ikibaki kushoto, chunguza masikio yako mwenyewe.

Usitumie pamba. Nasema hivi nikijua kwamba ndiyo iliyo karibu na kila mtu. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa asubuhi huloanisha kila kitu kilichoachwa hemani. Pamba hunywa unyevu huo, ikavimba, na sauti uliyoipima jana Karatu mjini leo imebadilika. Nyuzi zake nazo hudondokea kwenye utando na kuanza kukwaruza. Usitumie sponji ya godoro la zamani pia, kwa kuwa hugeuka unga. Chukua sponji safi yenye matundu wazi, nyembamba, ile ya kufunika maikrofoni au ya pedi mpya za hedfoni.

Usizime sauti za juu kwa sababu zimekukera dakika 5 za kwanza. Hili ndilo kosa linaloniuma kuliko yote, kwa sababu anayelifanya haligundui. Sponji ya mdomoni hukata trebo kabla ya kitu kingine. Mtu anaijaribu kwa ngurumo ya simba, inapita vizuri. Anaijaribu kwa mlio wa fisi, ule unaoanza chini na kupanda, unapita pia. Anaridhika. Kisha anafungua rekodi za ndege wa jamii ya Cisticola, wale wadogo wa nyasini ambao kwa manyoya wanafanana na kwa milio ndio wanatofautiana, na kumbe sehemu kubwa ya milio hiyo iko juu ya hezi 3,000, pale pale alipoziba. Mgeni atamuuliza ni ndege gani yule, naye atakisia.

Kwa lugha ni hivyo hivyo. Ile sauti ya Kiiraqw inayoandikwa sl, hewa ikipita kando ya ulimi, hutambulika kwa masafa yake ya juu. Zichuje, na sl inaanza kukaribiana na s ya kawaida. Vidoko vya Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi ni vifupi na vikali, na ukali huo ndio unaotofautisha kidoko kimoja na kingine. Anayesikiliza rekodi za wazee ili aziandike asiweke filta yoyote mdomoni mwa iafoni. Afanye kazi na sauti kama ilivyotoka, akichoka apumzike.

Ziba kilele cha ukali, usizibe masafa yote. Wahandisi wanaijua tofauti hiyo. Iafoni za Etymotic ER-4, zilizotoka mwaka 1991, zina filta ndogo ya kijani ndani ya mrija, yenye ukinzani uliopimwa, kazi yake kutuliza mvumo wa mrija huo. Ikiziba kwa nta inang'olewa na kuwekwa nyingine ya aina ile ile. Sennheiser HD 800 ya mwaka 2009 ilikuwa na ukali karibu na hezi 6,000. Wenye nazo wakaweka pete ya kitambaa ndani kuutuliza, na baadaye kampuni yenyewe ikaweka kifyonzaji chake kwenye HD 800 S. Kwenye Fostex T50RP watu hupaka udongo laini wa kuchezea ndani ya kikombe ili plastiki isitetemeke, wakaongeza na kitambaa kizito. Kila mmoja alijua anatafuta nini kabla ya kufungua skrubu. Wewe pia andika kwanza: ni sauti gani inayokukera, na katika rekodi ipi. Ukishindwa kuiandika, usifungue.

Ukishaweka filta, usipandishe sauti ya simu. Trebo ikipungua, mkono unakimbilia kitufe wenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10.

Usivae iafoni ukiwa kwenye usukani. Toka lango la Lodoare kupanda hadi ukingo wa kreta ni kona na ukungu, na redio kol inakuhitaji.

Usivae usiku ukitembea katika kambi ya Simba, pale ukingoni. Hapo tembo na nyati huingia bila uzio wa kuwazuia, na mpishi anayekwenda kuchota maji akiwa amejiziba masikio hawezi kusikia majani yakikatwa hatua chache mbele yake. Hata sikio moja usivae.

Usigundishe kwa supagluu. Mvuke wake huganda kwenye utando, na kesho hakuna atakayeweza kufungua ulichofunga.

Wewe fundi, kila ulichokitoa kwenye hedfoni ya mtu, hata karatasi ile ndogo ya nyuma, kitie kwenye kipakiti, andika "kushoto" na "kulia", umkabidhi mwenyewe pamoja na hedfoni yake. Akirudi baada ya wiki akisema hajaipenda, rudisha vya zamani, na usimtoze tena.