Upepo Una Mwenyewe: Somo kutoka Vyama vya Ushirika vya Denmark



Desemba 2023, wajumbe wa serikali waliokutana Dubai walikubaliana kwamba mataifa yaanze kuachana na makaa ya mawe, mafuta na gesi katika mifumo yao ya nishati, na kwamba uwezo wa dunia wa kupata nishati ya jua, upepo, maji na vyanzo vingine visivyokwisha uongezwe mara tatu ifikapo 2030. Mapatano hayo yanafuata yale ya Rio ya 1992, ya Kyoto ya 1997 na ya Paris ya 2015. Mwanachama ayasikiaye redioni huenda akadhani kuwa ni mambo ya wakubwa. Lakini umeme wa upepo hautoki mkutanoni. Hutoka katika mtambo uliosimama mahali fulani, karibu na nyumba za watu fulani, na mtambo huo una mwenyewe. Mapatano ya mataifa hayasemi mwenyewe awe nani. Hilo huamuliwa na sheria za kila nchi na maneno ya mikataba. Kwa hiyo somo hili latazama nchi moja ambako, kwa miaka mingi, mwenye mtambo mara nyingi alikuwa chama cha majirani.

Nchi hiyo ni Denmark, mojawapo ya nchi za Nordiki zilizosaidia elimu ya ushirika katika Kenya na Tanzania tangu miaka ya 1960. Chama chake cha kwanza cha ushirika wa maziwa kilianzishwa mwaka 1882 katika kijiji cha Hjedding, na wakulima wake walishika kanuni kwamba kura zihesabiwe kwa vichwa vya watu, si kwa vichwa vya ng'ombe.

Mafuta yalipoadimika na kupanda bei mwaka 1973, Denmark ilikuwa ikipata kiasi cha tisa ya kumi ya nishati yake kutokana na mafuta yaliyonunuliwa nje. Hata kuendesha magari siku za Jumapili kulipigwa marufuku kwa muda. Walikuwako waliotaka mitambo ya nyuklia na walikuwako walioipinga, mpaka Bunge lilipoiondoa katika mipango ya nchi mwaka 1985. Wakati mabishano yakiendelea, seremala mmoja, Christian Riisager, alikwisha kujenga kinu cha upepo kwake na kukiunganisha na nyaya za umeme za kawaida. Wengine wakaiga. Mwaka 1979 serikali ikaanza kutoa ruzuku ya asilimia 30 ya bei ya mtambo. Ruzuku hiyo ikapunguzwa kidogo kidogo, ikafutwa mwaka 1989. Itafaa tuseme kweli: watu hawa hawakuanza kwa ajili ya tabianchi. Walianza kwa ajili ya bei ya mafuta, na hoja ya hewa ya ukaa ikaja kuwakuta kazini.

Mtambo ulikuwa ghali kwa mkulima mmoja, basi majirani wakachanga. Sheria za mwanzo zilidai kwamba mwenye hisa aishi karibu na mtambo, na kwamba asinunue hisa kupita kiasi kilicholingana na matumizi yake ya umeme. Huenda masharti hayo yakaonekana ya kubana, lakini ndiyo yaliyomzuia tajiri wa mbali asinunue kilima kizima. Kufikia mwisho wa karne, kaya zipatazo 100,000 zilikuwa na hisa katika vyama vya upepo.

Makatibu watauliza: soko je? Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwenye umeme asiye na pa kuuuzia ni sawa na mwenye kahawa asiye na mnunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria iliyalazimu makampuni ya umeme kuipokea mitambo ya upepo katika nyaya zao, na kulipa asilimia 85 ya bei anayotozwa mteja, pasipo kodi. Chama kiliweza kukadiria mapato kabla ya kuchimba msingi, na benki ikaweza kumkopesha mwanachama.

Tutazame sasa Middelgrunden, baharini mbele ya mji mkuu Copenhagen. Mpango wa kwanza ulikuwa mitambo 27 katika safu tatu. Wananchi walipoulizwa maoni, wengi walilalamikia sura yake, na mpango ukabadilishwa kuwa mitambo 20 katika mstari mmoja uliopinda. Ilikamilika mwaka 2000, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 2. Kumi ilikuwa ya kampuni ya umeme ya mji na kumi ya chama chenye wanachama zaidi ya 8,500. Chama kiliuza hisa 40,500, kila moja kwa kroner 4,250. Anayependa kuzidisha ataona kwamba zilipatikana zaidi ya kroner milioni 172. Hisa moja ilipimwa kuwa ni uniti 1,000 za umeme kwa mwaka. Kipimo hicho si ahadi. Mwaka wa upepo hafifu gawio hupungua, kama malipo ya pili yanavyopungua mwaka ambao soko la kahawa ni baya.

Liko jambo lingine ambalo watunza vitabu watalipenda. Kwa kawaida vyama hivi viliundwa kama ubia ambamo wabia wote hudaiwa kwa pamoja, hata mali zao binafsi zikaweza kuguswa. Dawa yao ilikuwa kuandika katika masharti ya chama kwamba chama hakitakopa. Anayehitaji mkopo wa kununulia hisa akope mwenyewe; chama kinunue mtambo kwa fedha taslimu na kuukatia bima. Wale miongoni mwetu waliowahi kupokea barua ya benki kuhusu deni lililokopwa na kamati iliyopita hawahitaji maelezo zaidi.

Hali hiyo haikudumu. Baada ya soko la umeme kupangwa upya mwaka 1999, bei ya uhakika iliondolewa kwa mitambo mipya, na kwa miaka kadhaa ujenzi wa nchi kavu ulikaribia kusimama. Mitambo ikakua, mitaji ikakua, makampuni yakaingia. Sheria ya mwaka 2008 iliwataka wajenzi wauzie wananchi, kwanza wale walio jirani, walau asilimia 20 ya hisa; kifungu hicho nacho kikafutwa mwaka 2020. Kwa maoni yetu kilikuwa kifuta jasho kuliko ushirika, maana jirani aliuziwa kipande cha mtambo ambao hakuupanga. Wakati huohuo upepo wenyewe ulizidi kushamiri: mwaka 2023 ulitoa zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark. Yaani nchi yaweza kusonga mbele katika nishati safi, huku vyama vilivyoianza kazi hiyo vikibaki nyuma.

Nasi hatuna bei ya namna ile wala benki za namna ile. Tunayo ardhi, mapaa ya maghala, mito, na mashine za kukoboa zinazokunywa dizeli. Mgeni akifika na mkataba wa kukodi vitu hivyo kwa miaka ishirini au zaidi, karatasi itawekwa kwanza juu ya meza ya katibu. Asitie sahihi siku hiyo. Mkataba usomwe wote mbele ya mkutano mkuu, kwa Kiswahili, na kifungu cha bei kisomwe mara mbili.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Chama chenu hutumia lita ngapi za dizeli kwa msimu, na je, hesabu hiyo imo katika vitabu?

2. Kama chama kingekuwa na umeme wa kuuza, nani angelazimika kuununua, na kwa bei iliyopangwa na nani?

3. Masharti ya chama chenu yanasemaje kuhusu kamati kukopa? Yasomeni kifungu kwa kifungu kabla ya kujibu.

4. Je, hisa za mtambo ziuzwe kwa wanachama wanaoishi karibu tu, au hata kwa watoto wetu walioko mijini? Toeni sababu za pande zote mbili.