Bati na mbao za nyumba ya zamani: kabla hujajenga banda, uliza zimetoka wapi



Minada ya korosho ikishapamba moto, hapa Lisekese nyundo zinaanza kulia kila mtaa. Hela imeingia, na kila mtu anataka kuezeka upya kabla mvua za Desemba hazijashika. Mabati ya zamani yanashushwa na kuegeshwa kwenye mwembe. Wiki mbili baadaye anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, anayabeba kwa bei ya kilo. Ukifika mwezi wa tatu, mwenye nyumba yule yule ananifuata: "Bwana shamba, nataka kufuga kuku, ila mtaji wa banda sina."

Mtaji alikuwa nao, ameuuza kwa kilo. Kwa hiyo somo la leo ni hili: vifaa vinavyotoka kwenye nyumba ya zamani ni mali ya shamba. Lakini kuna sharti moja, na mimi nililijifunza kwa hasara ya mtu mwingine.

Kosa lililokuwa langu

Miaka yangu ya mwanzo kazini, kijana mmoja alikuwa na magunia 30 ya mahindi. Alitaka kuyahifadhi hadi Februari, bei ikipanda. Nikamshauri asinunue mbao. Kwao kulikuwa na ghala la zamani linabomolewa, nguzo na mbao zake bado ngumu. Tukazigonga, zikalia vizuri. Tukajenga stoo na vichanja, nami nikajisifu kwamba nimemwokolea hela.

Kufika Septemba akanipigia simu: "Mtaalamu, njoo uone, magunia yanatoa unga." Nilipofika, punje zilikuwa zimetobolewa, na chini ya magunia kuna vumbi jeupe. Tukamwita bibi yake. Nikamwamkia, akaitika, akatazama zile nguzo, akasema, "Mjukuu wangu, lile ghala tuliliacha kwa sababu ya Scania. Mngeniuliza."

Scania ndiye dumuzi. Mdudu huyu aliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, akaonekana kwanza Tabora. Anakula mahindi na muhogo mkavu, na pia anatoboa mbao na kujificha humo, akisubiri mavuno mengine. Sisi tulikuwa tumembeba na kumweka mlangoni pa chakula.

Tangu siku ile, kabla ya kuuliza kifaa kina nguvu gani, nauliza kilikuwa kinafanya kazi gani. Na namuuliza mzee wa nyumba, simuulizi fundi peke yake.

Panga mafungu manne

Siku ya kubomoa, usirundike kila kitu pamoja. Tenga hivi:

1. *Vya stoo ya mazao.* Mbao zisizo na vitobo, ambazo hazikuwahi kukaa ghalani wala stoo ya dawa. Hizi tengenezea chanja za kupangia magunia ya korosho, ziinue magunia kutoka sakafuni, na uache nafasi kati ya magunia na ukuta. Gunia likikaa kwenye sakafu linavuta unyevu, korosho zinaota ukungu, na daraja linashuka. Hata mlango mzima wa zamani unafaa kuwa chanja, ukiuwekea matofali chini.

2. *Vya banda la kuku.* Mabati, nguzo, fremu za madirisha, nyavu. Epuka mbao zenye rangi ya zamani inayobanduka. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Kuku hudonoa magamba yale, na sumu inaweza kufika hadi kwenye yai.

3. *Vya nje tu.* Mbao zilizokaa na salfa au dawa za mikorosho, na mbao zenye matundu ya wadudu. Zenye dawa zinafaa uzio au geti, zisiguse chakula wala kuku. Usizichome jikoni, na majivu ya mbao iliyotiwa dawa usiyapeleke kwenye bustani ya mboga. Zenye matundu peke yake, zisizo na dawa wala rangi, fanya kuni mapema, usizikalishe karibu na stoo.

4. *Usiguse.* Baadhi ya majengo ya zamani yameezekwa kwa asbesto: vigae vya kijivu, vizito, vinavyovunjika kama sahani. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu, na ugonjwa unaweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Usikate, usitoboe, usivunje, na usimpe mtu. Mwone afisa afya au afisa mazingira wa halmashauri kabla hujapanda juu.

Hesabu ya banda la kuku 100

Kuku wa mayai wanaokaa sakafuni, weka watano kwa mita ya mraba moja. Kuku 100 wanataka mita za mraba 20, yaani banda la mita 4 kwa 5.

Tuseme paa ni la migongo miwili. Bati la futi 10 lina urefu wa kama mita 3. Linatosha upande mmoja, pamoja na kutokeza nje ili mvua isipige ndani. Ukishalalisha bati juu ya bati, kila moja linafunika upana wa kama sentimita 75. Paa la urefu wa mita 6 linataka mistari 8 kila upande. Jumla ni mabati 16, pamoja na kofia ya juu. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu ikiezuliwa, mabati 16 mazima hayakosekani. Sasa nenda dukani uulize bei ya mabati 16 mapya, ndipo utajua ulichotaka kumpa mtu wa mizani.

Upande mrefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua lisiwachome kuku ndani.

Namna ya kushusha

Ng'oa misumari, usilivute bati. Weka kipande cha ubao chini ya nyundo ya kucha ili bati lisijikunje. Likishuka, linyanyue kuelekea jua: matundu madogo yataonekana. Ya kwenye mgongo wa bati yanazibika kwa lami na kipande cha mpira wa tyubu. Ya kwenye bonde, ambako maji yanapita, yatakusumbua. Bati hilo peleka ukutani. Misumari uliyoinyoosha itumie kwenye uzio, kwenye paa nunua mipya. Tofali la kuchoma lililojengewa udongo linasafishika. Lililoshikwa na saruji mara nyingi linavunjika, lijaze kwenye msingi wa banda.

Na kinachobaki?

Usikiache kiozee uani. Kuna jirani ambaye paa lake limebebwa na upepo, kuna kikundi cha vijana kinachoanza kufuga, kuna shule inayohitaji kufunika choo. Shuleni pita kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, msaada uandikwe.

Ila toa kitu ambacho ungekitumia mwenyewe. Ukimpa mtu mbao zenye dumuzi, umemgawia hasara. Na unapotoa, toa pamoja na habari zake: "Hizi zilikuwa dari ya sebuleni, hazijawahi kukaa na dawa." Maneno hayo yangemwokoa yule kijana na magunia yake. Yeye aliuza yaliyosalia kwa bei ya kutupa, na Februari ilimkuta hana kitu. Leo anafuga, banda lake ni la mabati ya nyumba ya baba yake. Kila mbao aliyoipigilia, kwanza alimuuliza bibi.

Kazi ya wiki hii: zunguka nyumba yako na kalamu. Andika mabati, mbao, milango na matofali yaliyolala, kila kimoja kilitoka wapi na kilikaa na nini. Usichokijua, muulize mzee wa nyumba kabla hajasahau. Ukimaliza, niite tukapange banda.